Acheni Kutuambia Tusibonyeze Linki

Kila mwaka ikifika Oktoba, mwezi wa usalama wa mtandao, simu yangu hujaa ushauri. Benki inatuma ujumbe. Kampuni ya simu inatuma ujumbe. Jamaa mmoja wa suti anaketi kwenye televisheni asubuhi na kurudia yaleyale: usibonyeze linki usiyoijua, usimpe mtu PIN yako, kuwa makini. Nimechoka. Sio kwamba ushauri ni mbaya. Mimi mwenyewe nimemwambia mama hivyo mara mia. Lakini ni nusu ya ukweli, na ni ile nusu ambayo haimgharimu anayeitoa hata shilingi moja.

Nusu iliyobaki ni kwamba kuna mashambulizi ambayo hayangoji ubonyeze kitu. Mei 2019 WhatsApp walitangaza kwamba wameziba tundu kwenye sehemu ya kupigia simu. Mshambulizi alikuwa anakupigia tu. Hukuhitaji kushika. Sisi tuliokua tukiflashiana kwa kukosa kredo tunajua mis-kol kama lugha ya maskini, kumbe kuna waliogeuza mis-kol kuwa ufunguo wa nyumba. Ndani ya ile simu kulikuwa na data ndefu kuliko nafasi iliyotengewa, na ile ziada iliifanya programu iache kazi yake na kutii amri za mgeni. Watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwemo Wanyarwanda wanaoishi uhamishoni. Silaha ilikuwa ya NSO Group, kampuni ya Israel inayouza Pegasus kwa serikali. Sasa niambieni, bana, umakini gani ungemwokoa mtu aliyelala na simu ikiwa kwenye chaja?

Na msidhani ni mambo ya mbali. Septemba 2018 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walitoa orodha ya nchi 45 ambako waliona dalili za Pegasus. Kenya imo. Uganda imo. Rwanda imo. Mwisho wa 2021 ikaripotiwa kwamba maafisa wa Marekani waliofanya kazi Uganda walikuwa wamevamiwa kwenye iPhone zao, na waandishi wa habari kule Kampala wakapokea onyo kutoka Apple.

Mimi si mtaalamu mwenye cheti. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu hapo naishi kwa kuandika: CV, mabango ya harambee, hotuba za harusi za watu wa Migori, na makala kama hii. Lakini nilikaa chuoni kiasi cha kuona kitu kimoja ambacho hadi leo kinaniwasha. Mwalimu wetu wa lugha ya C, katika chuo ambacho sitakitaja, alitufundisha kusoma jina la mtumiaji kwa amri inayoitwa gets. Amri hiyo inapokea maandishi bila kuuliza ni marefu kiasi gani. Ukitenga nafasi ya herufi kumi na mtu alete arobaini, inayaandika yote arobaini, juu ya chochote kilichoko mbele. Novemba 2, 1988, mnyoo wa Morris ulitumia gets hiyohiyo kuingia kwenye mashine: nafasi ilikuwa ya baiti 512, mnyoo ukaleta 536. Maelfu ya kompyuta zikalala. Amri hiyo ilifutwa rasmi kwenye lugha ya C mwaka 2011. Sisi tulifundishwa miaka kadhaa baadaye, kwa noti za rangi ya chai, na ilikuwa kwenye mtihani.

Wacha nieleze kinachotokea, maana hapa ndipo hawa wa suti hukimbia haraka.

Chukua matatu ya Migori kwenda Homa Bay. Inapita Awendo, inafika Rongo, inakata kushoto, Rodi Kopany, kisha mjini. Sasa dereva wetu hana akili yake mwenyewe. Anafuata karatasi. Akiambiwa achepuke Awendo kushusha gunia, makanga anamwandikia kwenye karatasi: ukimaliza, rudi hapa. Programu hufanya hivyo mamilioni ya mara kwa sekunde. Inachepuka kufanya kazi ndogo, na mahali pa kurudi pameandikwa kwenye kumbukumbu. Ubaya ni kwamba karatasi hiyohiyo ndiyo abiria anaandikia jina lake. Nafasi ya jina ni herufi kumi. Akija mjanja akaandika jina la herufi arobaini, zile za mwisho zinafunika ile sehemu ya "rudi hapa", na zinasema: nenda Isebania, vuka mpaka. Dereva haulizi. Anasoma karatasi, anakanyaga mafuta. Abiria wote wameenda.

Huko ndiko kutekwa kwa mkondo wa programu. Hakuna aliyevunja kioo wala kuiba PIN. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule, rangi ya sacco ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kurudi.

Watu wamepigana na jambo hili tangu kabla sijazaliwa, na vita vyenyewe ni vitamu kuvisoma. Mwaka 1998 walikuja na wazo la kuweka neno la siri kati ya jina la abiria na mahali pa kurudi. Ukiona neno limeharibika, gari lisimame hapohapo. Waliliita kanari, kwa heshima ya ndege waliobebwa na wachimbaji wa makaa ya mawe ili wafe kwanza hewa ikiwa na sumu. (Wachimba dhahabu wetu wa Macalder hawana ndege. Wana tochi na maombi.) Kisha wakasema mzigo wa abiria usigeuzwe barabara: sehemu ya kumbukumbu inayobeba data isiruhusiwe kutekelezwa kama amri. Kisha wakaanza kuhamisha stendi kila asubuhi, ili mshambulizi asijue Isebania leo iko wapi.

Washambulizi nao hawakulala. Mwaka 2007 Hovav Shacham alionyesha kwamba huhitaji kuleta barabara yako. Unaweza kuunganisha vipande vidogo vya barabara halali zilizoko tayari, nusu kilomita hapa, robo pale, ukafika unakotaka. Jibu la hilo lilikuwa limeshaandikwa mwaka 2005 na Abadi, Budiu, Erlingsson na Ligatti: kabla gari halijaondoka, chora ramani ya stendi zote halali, na kila linapotaka kuruka mahali, kagua kama kuruka huko kumo kwenye ramani. Wakauita uadilifu wa mkondo. Google iliuweka kwenye moyo wa Android kwenye Pixel 3 mwaka 2018. Upande wa chipu, Arm walitangaza mwaka 2016 njia ya kupiga muhuri mahali pa kurudi kwa ufunguo ambao abiria hana. Akibadilisha herufi moja, muhuri haulingani, safari imekwisha. Apple waliutia kwenye iPhone XS mwaka 2018.

Hadi hapo ni hadithi nzuri ya wanasayansi. Sasa hasira yangu inaanza.

Muhuri huo uko kwenye toleo la muundo wa Arm linaloitwa 8.3. Viini vinavyoendesha simu zetu za bei nafuu ni Cortex-A53, iliyotangazwa 2012, na Cortex-A55, iliyotangazwa 2017. Ya kwanza ni toleo la 8.0, ya pili 8.2. Ukichukua chipu ya Unisoc SC9863A, ambayo imejaa kwenye simu za chini ya elfu kumi na tano, ina viini nane, vyote A55. Hakuna muhuri. Hata ukiomba. Hata uwe makini kama paka kwenye duka la omena. Hicho kitu hakimo ndani ya silikoni.

Ngoja, bado. Simu nyingi za gigabaiti mbili za kumbukumbu huendesha programu za biti 32 ili kubana nafasi. Kumbukeni ile mbinu ya kuhamisha stendi. Kwenye biti 32 hakuna mahali pengi pa kuzihamishia. Mwaka 2004 Shacham huyohuyo na wenzake walijaribu kubahatisha mahali stendi zilipo kwenye mashine ya aina hiyo, na kwa wastani iliwachukua sekunde 216. Chini ya dakika nne. Chai haijapoa.

Kwa hiyo kwenye simu ya laki moja na ushee, mshambulizi anakutana na kanari, muhuri, ramani, na kwenye Pixel 8 ya 2023 chipu inayoweza kuwekea kila kipande cha kumbukumbu lebo yake. Apple wakafuata na kitu cha jinsi hiyo kwenye iPhone 17 mwaka 2025. Kwenye simu ya elfu nane anakutana na kanari, stendi zilizohamishwa mita mbili, na ujumbe wa benki wa kusema kuwa makini.

Najua mtaniambia: hata iPhone zilivunjwa, si umesema mwenyewe? Ndio. Shambulizi lililopewa jina la FORCEDENTRY, lililogunduliwa 2021, lilipita ndani ya faili iliyojifanya picha ya GIF kumbe ni PDF, na wale wahandisi walijenga kompyuta ndogo nzima ndani ya kisomaji cha picha, kwa hatua zaidi ya 70,000, ili tu wakwepe kinga zilizopo. Project Zero wa Google, ambao wameona mengi, waliandika kwa mshangao. Lakini angalia hiyo kazi! Kinga haikuwashinda, ila iliwalazimisha kutumia akili nyingi na pesa nyingi, na silaha ya bei hiyo huwezi kuimwaga ovyo kwa kila mwalimu wa kijijini. Halafu Septemba 13, 2021 Apple walitoa kiraka na kikafika kwenye simu duniani kote. Hivyo ndivyo ulinzi unavyofanya kazi: shambulizi linakuwa ghali, na likigunduliwa linakufa. Kwenye simu zetu shambulizi ni rahisi, na likigunduliwa linaendelea kuishi.

Maana kiraka hakiji. Waya yangu, dada wa baba, anauza omena Homa Bay na ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wanane. Alinunua simu yake 2023 kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, kutoka kwa kampuni nisiyoitaja. Siku moja alinipa nimtolee picha zilizojaza simu, nikafungua sehemu ya kuhusu simu, nikatazama tarehe ya sasisho la usalama. Septemba 2022. Yaani kiraka cha mwisho kilitangulia risiti. Nikambonyezea pale pa kutafuta sasisho. Ikasema simu yako imesasishwa, na alama ya tiki ya kijani.

"Iko sawa?" akaniuliza.

"Waya, inasema iko sawa."

"Basi nirudishie, kuna mtu wa Kendu anataka debe mbili."

Ila kitu kimoja kwenye simu hiyo kinafanya kazi bila hitilafu: akichelewa kulipa, inafungwa. Kutoka ofisi iliyoko Nairobi, usiku wa manane, kwa mbali, skrini inageuka ukuta mpaka atume pesa. Mpango wa aina hii ulianza kuwa maarufu Safaricom na Google walipozindua Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, na tangu hapo umeigwa kila kona. Sina shida na mkopo. Bila mkopo waya asingekuwa na simu. Shida yangu ni hii: anayeweza kuifikia simu kwa mbali ili aifunge hana sababu ya kuniambia hawezi kuifikia ili aizibe. Waya ya kwenda Homa Bay ipo. Inapitisha deni tu.

Wenye sekta watasema viraka ni ghali, kwamba mtengenezaji wa chipu akiacha kuisaidia chipu, mtengenezaji wa simu hana la kufanya. Hii hoja ina ukweli, na ndiyo maana nchi nyingine zimeacha kuomba zikaanza kulazimisha. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, mtu haruhusiwi kuuza kifaa cha kuunganishwa na intaneti bila kusema wazi kitapata viraka hadi lini. Muungano wa Ulaya, tangu Juni 20, 2025, unadai simu mpya zisasishwe kwa angalau miaka mitano baada ya kuacha kuuzwa. Hiyo simu isiyofaa kuuzwa kule itauzwa wapi? Kiwanda hakitaifukia. Itapandishwa meli, na boksi lake litashuka Mombasa likiwa limeandikwa kamera mbili, betri ya siku tatu.

Na msiniambie serikali yetu haijui kudai kitu kuhusu simu. Oktoba 24, 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa ilani: kuanzia Januari 1, 2025, kila anayeunganisha, kuagiza au kuuza simu awasilishe namba za IMEI kwa ajili ya KRA. Kila simu, namba yake ya kipekee. Julai 2025 Mahakama Kuu ikaitupa ilani hiyo kwa sababu ya faragha. Lakini oneni uwezo uliokuwepo! Waliweza kufikiria kuhesabu kila kifaa kinachoingia nchini, kimoja kimoja, ili kodi isipotee. Katika ilani hiyo yote, viraka havikuguswa. Na Oktoba 30, 2023, Rais alipofungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, iliyo rahisi zaidi ikauzwa Sh7,499, sherehe ilikuwa ya bei na ajira. Mimi nafurahia ajira. Nafurahia pia bei. Nilitaka mtu mmoja tu kwenye lile hema anyooshe mkono aulize: itazibwa hadi mwaka gani?

Sasa nije kwa rafiki zangu, nyinyi mnaosoma hii mkiwa Kisumu, Nairobi au hapa Migori kwenye benchi la Posta. Mna jibu lenu la haraka: mimi sina cha kuficha. Sawa. Lakini twende polepole.

Homa Bay ndiyo kaunti iliyokutwa na kiwango cha juu zaidi cha HIV nchini kwenye utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018: asilimia 19.6 ya watu wazima. Migori ilikuwa na asilimia 13. Watu hawa wanatibiwa, wanaishi, wanazaa watoto wasio na virusi, na hilo limewezekana kwa kazi ya miaka mingi ya watu wanaotembea kwa miguu na daftari. Daftari sasa ni simu. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba na simu za kuandikia data ya kila boma. Mhudumu wa Mbita au wa Nyatike anaijua siri ambayo mke hajamwambia mume. Daftari mtu alipaswa kuja kuliiba, aonekane, mbwa wabweke. Simu mtu anaweza kuisoma akiwa popote, na mbwa wa Mbita hawatajua.

Sijasema kuna aliyezivunja simu hizo. Ninachosema ni kwamba huwezi kumpa mtu siri za kijiji kizima kisha ulinzi wa siri hizo uwe ni yeye kuwa makini.

Kuna pia jambo ambalo kule Homa Bay halizungumzwi kwa sauti ya juu tena. Juni 7, 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti hiyo kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Kesi hiyo si ya programu kutekwa, na sitailazimisha iwe. Alitekwa mtu. Lakini baada ya hapo kila kijana anayeandika kutoka huku amejiuliza nani anasoma simu yake, na ni swali la haki. Septemba 2025 Citizen Lab wakaripoti kukuta programu ya upelelezi ya FlexiSPY kwenye simu za watengenezaji filamu wawili wa Kenya, iliyowekwa wakati simu zikiwa zimeshikiliwa na polisi.

Hapo mtu mmoja mwerevu, rafiki yangu fundi wa simu karibu na stendi ya Migori, aliniambia: "Omera, sasa hiyo kanari yako ingesaidia nini? Walikuwa nayo mkononi." Kweli. Na pia ni kweli kwamba pesa nyingi zinazoibwa kwa simu nchini zinaibwa kwa mdomo: mtu anapiga, anajifanya wa huduma kwa wateja, anataja jina lako kamili, unasoma namba mwenyewe. Hakuna muhuri wa chipu unaozuia hilo. Kwa wizi wa aina hiyo, ushauri wa Oktoba unafaa, na wautoe.

Lakini fikiria kilichohitajika kuweka FlexiSPY: kumkamata mtu, kuchukua simu, kuishikilia, kuirudisha, na kubaki na karatasi za mahakama na watu wa kuuliza. Ilionekana. Mlango wa simu ukiwa wazi kwa mbali, hakuna haja ya kumkamata mtu ili usome simu yake. Unaisoma kwanza, unaamua baadaye kama utamkamata. Ndiyo tofauti anayopaswa kuiogopa mtu wa simu ya elfu nane, na ndiyo maana nakataa mtu anapoita mambo haya ya kitaalamu.

Nakataa pia wale wenzetu wa YouTube wanaofungua maboksi ya simu. Kaka, dada, nawapenda, mnanichekesha. Mnapima kamera usiku, mnapima chaja kwa saa ya mkononi, mnaweka simu kwenye ndoo ya maji. Ni lini mmesoma tarehe ya kiraka mbele ya kamera? Ni mibonyezo mitatu. Ni lini mmesema: chipu hii ni ya muundo wa 2017, haina muhuri wa mahali pa kurudi, na mtengenezaji hajaahidi chochote? Mngesema hivyo kwenye video kumi tu, boksi lijalo lingechapishwa tarehe. Watengenezaji hawa walituongezea laini mbili, spika kubwa na betri ya kudumu kwa sababu tulivyovitaka vilijulikana. Wanatusikiliza kabisa. Hili la viraka hatujaliomba.

Na Stagefright ilitosha kutufunza. Julai 2015 Joshua Drake wa Zimperium alionyesha kwamba ujumbe mmoja wa picha ungeweza kuiteka Android kupitia kisomaji chake cha video. Simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Google walitikisika hadi wakaanza kutoa viraka kila mwezi, kuanzia Agosti mwaka huo. Wakaanza pia kuandika msimbo mpya kwa lugha kama Rust, ambazo zinakataa kabisa jina la herufi arobaini kwenye nafasi ya kumi. Makosa ya kumbukumbu yakashuka kutoka asilimia 76 ya matundu ya Android mwaka 2019 hadi asilimia 24 mwaka 2024. Tatizo linatatulika! Limeshatatuliwa kwa kiasi kikubwa, kwa wale ambao Android mpya inawafikia.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo na hakihitaji kamati ya kwenda Dubai kujifunza. Simu yoyote inayoingia au kuunganishwa Kenya iandikwe kwenye boksi, kwa wino uleule wa kamera, mwezi na mwaka wa kiraka cha mwisho kilichoahidiwa. Kampuni inayokopesha simu na kujipa uwezo wa kuifunga ibebe wajibu wa kuiziba kwa muda wote wa deni, na siku kiraka kikikoma na deni likome. Hii ya pili najua itawachoma. Ichome.

Na kwa kuwa sheria ya nchi itachukua miaka, kaunti zianze na pesa zao wenyewe. Migori na Homa Bay zikinunua simu au tableti za zahanati, za ukusanyaji kodi sokoni au za shule, waongeze maneno haya kwenye tenda, nimewaandikia bure: "Kifaa kitapokea viraka vya usalama kwa muda usiopungua miaka mitano tangu siku ya kukabidhiwa, na kila kiraka kitafika ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Muuzaji ataonyesha kwamba chipu ya kifaa inathibitisha anwani ya kurudi kabla ya programu kuruka, na asipoweza, bei yake itashushwa kwa kiwango kitakachotajwa hapa."